Uji wa Jumatano

Harufu ya uji wa wimbi uliochachuka hunikasirisha. Sisemi kwamba hunichefua, la. Ladha yake naipenda kama mtu yeyote aliyezaliwa huku kwetu kwenye miteremko ya Embu. Lakini nikienda harusini, mama mmoja akaja na kibuyu chake, akakitikisa, akakizibua, na ule uchachu ukanifikia kabla ya kikombe, taya zangu hujifunga zenyewe. Watu hudhani naringa. Shemeji yangu mmoja aliwahi kusema, nikisikia, kwamba wanawake waliosoma hawanywi uji wa kibuyu, wao ni wa chai ya maziwa. Sikumjibu. Ningemjibu ingenibidi niinue blauzi nimwonyeshe kovu, na harusini si mahali pake. Ninyi hamko harusini, basi nitawaeleza.

Nilikuwa darasa la nne tumbo langu lilipoanza kukua. Lilianza upande mmoja, chini ya kitovu, kama nimeficha chungwa ndani ya nguo, kisha likaenea pande zote. Mama alihamisha kifungo cha sketi ya shule. Baada ya muda akakihamisha tena, na kitambaa kilipokwisha akaunga kipande cha rangi nyingine, ili kila asiyejua ajue. Shuleni wakaniita Debe. Niliyekuwa nikiwashinda wasichana wote mbio, sasa nilikimbia nimelishika tumbo kwa mikono miwili, na wa mwisho alikuwa mimi.

Kila mtu alikuwa na maoni. Mwalimu alisema ni mapera mabichi. Jirani yetu akasema ni minyoo, akaleta mizizi yake ikachemshwa, nikanyweshwa, nikaendesha mpaka miguu ikalegea, na tumbo likabaki palepale. Mzee wa kanisa alisema ni wengu, umevimba kwa malaria niliyoitoa Mbeere nilipokwenda kumwona mjomba. Walilibonyeza, walilipigapiga kama watu wanaochagua tikiti sokoni, wakabishana juu yake nikiwa nimelala chini yao. Mimi mwenye tumbo hakuna aliyeniuliza linauma wapi. Shuleni tulifundishwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Kwetu wazee walikuwepo wa kutosha, na neno likaendelea kuharibika.

Cucu ndiye aliyenichosha kuliko wote. Alikuwa mama yake baba, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ndewe za masikio zilizotobolewa zamani, naye alizikunja juu ya sikio alipokuwa akifanya kazi ili zisimsumbue. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa migomba, hatua chache kutoka mlangoni petu. Hakushindana na watu wa minyoo wala watu wa wengu. Yeye alisema neno moja tu, akalirudia kila siku, tena mbele ya mama: "Huyu mtoto ana njaa."

Mnajua neno hilo lina uzito gani mbele ya mke wa mwana. Ni sawa na kumwambia humlishi mjukuu wangu. Mama hakujibu, maana mkwe hajibiwi, lakini kuanzia siku hiyo alinipakulia sahani yenye mlima, akaniketisha nje palipoonekana, nile Cucu akitazama. Nikimaliza, Cucu alinipungia mkono kutoka kwenye migomba, akanipa viazi vitamu vyake na uji wake. Nilikula nyumba mbili, asubuhi na jioni. Kama tumbo lilikuwa limeongezeka kwa ugonjwa au kwa shibe, nani angejua?

Siku moja wakati wa mapumziko niliruka kamba, na kitu ndani yangu kikajisokota. Nilianguka nikatapika, nikapiga kelele ambazo mwalimu wa mapera mabichi hakuzisahau. Baba alinibeba kwa baiskeli mpaka barabara kubwa, akaomba lori la maziwa litupeleke hospitali ya misheni iliyokuwa upande wa Meru. Mpaka tunafika, uchungu ulikuwa umepungua, nami nikaanza kuona aibu kwamba nimewasumbua watu.

Daktari wa kupasua hakuwa mtu wa pale. Alikuja kila Jumatano kutoka hospitali nyingine, akafanya kazi tangu asubuhi mpaka giza, akaondoka. Aliniona siku hiyo jioni, akiwa amechoka. Alikuwa wa kwanza kuniuliza linauma wapi, na kwa hilo tu ningemfuata popote. Alinibonyeza polepole, kisha akamweleza baba kwa Kiswahili. Tumboni mwangu kulikuwa na kifuko cha maji. Kilikuwa kimeota kwenye kile kiungo cha mayai ambacho wasichana huzaliwa nacho, na hakingeondoka kwa dawa wala mizizi. Lazima tumbo lifunguliwe, kitolewe kizima.

"Mpaka Jumatano ijayo alale, asikimbie, asiruke," alisema. "Kikijinyonga tena au kikipasuka kabla sijarudi, hapa hakuna mwingine wa kumfungua. Na asubuhi ya siku hiyo asile, asinywe, hata maji. Umenielewa, mzee?"

Baba alisema ameelewa. Shida ni kwamba aliyepaswa kuelewa hakuwa pale.

Cucu alifika siku mbili hivi baadaye, kiondo mgongoni, akakaa kwa mpwa wake aliyeishi nyuma ya soko, karibu kabisa na hospitali. Huko alipata meko, na kwa Cucu palipo na meko ni nyumbani. Nanyi mwajua desturi yetu: hakuna aendaye kumwona mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa naye sharti aonje kutoka mkononi mwa aliyeleta, hata kama ni kulowesha mdomo tu. Kukataa ni kumwambia mtu kwamba unauogopa mkono wake. Akina mama wote wa wodi ile waliletewa uji. Saa za wageni vibuyu vilijipanga chini ya vitanda, na ile harufu ikashinda dawa ya kusafishia sakafu.

Jumatano ya kwanza niliyopangiwa Cucu aliingia mapema, pamoja na wanawake walioleta maji ya kuwaogeshea wagonjwa wao. Mama alikuwa ametoka kwenda msalani. Cucu akaketi kitandani, akatoa kibuyu chini ya shuka yake.

"Nimekatazwa, Cucu," nikasema.

"Nani amekukataza?"

"Sista."

"Sista amekuzaa?"

Hakuwa amenizaa, hilo lilikuwa kweli.

"Wanataka kukukata ukiwa na njaa," Cucu akasema. "Damu itatoka wapi? Hata mbuzi wa kuchinjwa hupewa majani asubuhi. Kunywa, mwari wakwa." Ndivyo alivyozoea kuniita, binti yangu, ingawa nilikuwa mjukuu.

Habari za mbuzi hazikunipa moyo. Lakini nilikuwa na njaa, na kikombe kilikuwa midomoni, na aliyekishika alikuwa Cucu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikunywa chote.

Sista Kagendo, Mmeru mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, alikuja na kitanda cha magurudumu kunichukua. Aliinama kunifunga kitambaa kichwani, akanusa.

"Hii ni nini? Hii ni nini hapa kwa mdomo?" Akapitisha kidole juu ya mdomo wangu, kikatoka na rangi ya wimbi. "Nani amepatia huyu mtoto uji? Si nilisema! Si nilisema mpaka nikachoka!"

Daktari aliitwa, akaja akiwa amekwisha kuvaa kofia yake ya kijani. Hakupiga kelele. Alimweleza mama, aliyekuwa amerudi na kusimama pale mikono kichwani, kwamba mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi tumbo hurudisha chakula, na chakula huingia kwenye mapafu. "Atanifia mezani kabla sijashika kisu. Jumatano ijayo." Wakamchukua mama wa kitanda cha pili. Alikuwa akingoja zamu kwa muda mrefu, na alipopitishwa mbele yangu aliniambia asante. Nilitaka kumpiga.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kile kitu kilijisokota tena, usiku na mchana, kikajisokotoa, na kila mara nilifikiri ndicho hicho, kimepasuka. Baba alipokuja, mama alimwambia aende akazungumze na mama yake, kwa maana yeye hangeweza. Baba alikwenda kwa yule mpwa, nasi tukasimuliwa baadaye mazungumzo yalivyokuwa. Alianza na kahawa. Akapitia mvua. Akauliza habari za meno yake. Mwishoni kabisa, akiwa amesimama kuondoka, akasema daktari ameomba mtoto asipewe kitu siku ile.

"Nimesikia," Cucu akajibu.

Kwetu nimesikia si nimekubali. Baba alijua hivyo tangu utotoni mwake. Lakini lilikuwa jibu analoweza kuondoka nalo, basi akaondoka nalo.

Jumatano ya pili mama aliketi mlangoni kama askari. Akakaa hata alipoitwa kunywa chai. Ila ilipofika saa ya kunisafisha, Sista Kagendo mwenyewe akamtuma maji ya moto, na mama akaenda mbio. Cucu hakuja kwa mlango. Alikuja kwa baraza la nyuma, palipoanikwa shuka, akatokea katikati ya nguo mbichi kibuyu mkononi.

Safari hii sikumjibu kitu. Nilijua neno moja likinitoka atalishinda. Nilifunga mdomo, nikabana meno, nikamtazama. Alisema kunywa. Nikatikisa kichwa. Akasema kunywa kidogo tu, mwari wakwa, kidogo. Nikageuza uso ukutani. Akanigeuza kwa kidevu. Alinishika kwa nguvu kuliko alivyowahi kunishika, na mimi nikadhani ni hasira. Kisha akanifinya pua, vile walivyolishwa watoto wachanga zamani, na akamimina. Nikapumua kwa pembe ya mdomo, meno yamefungwa, uji ukanishuka kidevuni, shingoni, kifuani, ukalowesha shuka yote. Sikumeza hata tone. Sijawahi kupigana na mtu kwa nguvu zangu zote isipokuwa siku ile, na niliyepigana naye ni bibi yangu.

Sista Kagendo akaingia, akaona shuka.

"Tena!" akasema, na wodi nzima ikageuka. "Ai! Hii familia ni ya namna gani? Mnataka huyu mtoto ama hamtaki?"

"Sijanywa!" nikalia. "Sijanywa, Sista, umemwagika!"

"Nyamaza. Umejaa uji mpaka kwa masikio na unasema hujakunywa."

Mama akafika na maji yake, akaona, akaanza kulia. Nikamwambia sijanywa. Akaniambia ninyamaze watu wazima wakizungumza. Wagonjwa wengine wakasema wao walimwona bibi, lakini mdomo hawakuuona. Mmoja akasema mtoto hamezi hivi hivi ila akifinywa pua humeza tu, hata asipotaka. Nilipiga kelele mpaka tumbo likaniuma. Niseme nini zaidi? Tumbo ni langu, mdomo ni wangu, uji umepita nje yangu, na sina ushahidi.

Daktari alikuja. Alinibonyeza, na safari hii uso wake ulibadilika. Akasema kifuko kimekaza, nayo Jumatano itakayofuata hatakuwepo, ana safari. Leo au hajui lini. Lakini kama kuna uji tumboni, hawezi. Akauliza nani alikuwa na mtoto, na kila mtu akamtazama Cucu.

"Mwulize," akamwambia Sista Kagendo. "Mwambie aseme ukweli. Amemeza au hakumeza?"

Sista akamwuliza kwa Kimeru. Kiembu na Kimeru ni majirani, Cucu alielewa vizuri. Alikuwa amesimama pale kando ya kitanda, kibuyu kwapani, kizibo mkononi. Nilimtazama. Nilijua hataki nipasuliwe. Angesema amemeza, basi, kisu kingeondoka na daktari, na yeye angenirudisha nyumbani anilishe. Alikiziba kibuyu kwa kile kizibo, na daktari akaanza kuvua kofia.

"Hakumeza," Cucu akasema. "Amekataa chakula changu. Amefunga mdomo."

Akageuka akatoka kwa njia ile ile ya nguo mbichi. Mnajua nilihisi nini? Sikushukuru. Nilikasirika. Nilisikia ananishtaki. Mbele ya daktari, mbele ya wodi nzima, anatangaza kwamba mimi ni mtoto aliyekataa chakula cha bibi yake. Niliingizwa chumba cha upasuaji nikiwa nimenuna, na nadhani mimi ni mmoja wa wachache waliopigwa nusukaputi wakiwa na manung'uniko mdomoni.

Nilipoamka nilikuwa na kiu na mshono kutoka kitovuni kwenda chini, nyuzi nyeusi nene, na tumbo bapa. Nililipapasa kando ya bandeji nisiamini. Baba alionyeshwa kile kifuko ndani ya beseni. Aliniambia kilikuwa kikubwa kama boga la kupikwa na familia, cheupe, kinang'aa, na ndani maji matupu. "Maji tu," alirudia, kama mtu aliyetegemea kuona kitu cha maana zaidi.

Msifikiri nililishwa. Sasa njaa ilinipata kweli, na sheria ikawa nyingine: sili mpaka nitoe hewa. Sista Kagendo alisimama mlangoni kila asubuhi akauliza kwa ile sauti yake, "Wewe Embu, umejamba?" Nilitaka kufa. Mtoto aliyelelewa asijambe mbele ya watu, leo wodi nzima inaomba ajambe. Ilipotokea hatimaye, kidogo, kama mlango wa kabati, mama wa kitanda cha pili ndiye aliyesikia, akapiga kigelegele, na wengine wakampokea. Nililetewa maji ya uvuguvugu kwa kijiko, nikiwa nimejifunika shuka uso mzima.

Cucu alikuja nilipoanza kula. Hakuketi kitandani. Kibuyu alimpa mama, na mama ndiye aliyemimina. Na tangu siku hiyo mpaka alipofariki, mimi tayari nikiwa mwalimu, Cucu hakunipa chakula mkononi tena. Ndugu zangu aliwachomea viazi akawapa, wakirushiana kwa kuungua. Changu alikiweka juu ya kigoda, akatazama kando mpaka nikichukue. Nilisema ni kinyongo. Nilimwambia mama, yule mzee hasamehi. Liliniuma, nikalizoea, na nilipokuwa mkubwa nikaligeuza kuwa hadithi ya kuchekesha.

Niliisimulia siku moja kwetu, watoto wangu na wa kaka zangu wamejaa sebuleni. Niliigiza sauti ya Sista, nikafinya pua, nikabana meno. Watu walicheka mpaka machozi. Baba hakucheka. Alisimama katikati ya hadithi akatoka nje. Nikamfuata, nikamkuta amesimama kwenye migomba, palipokuwa nyumba ya mama yake.

"Hiyo hadithi usiiseme tena nikiwepo," akasema.

"Kwa nini, Baba?"

Akanieleza, bila kunitazama. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari Waingereza walipopigana na Mau Mau, watu wa mlima wetu walipofukuzwa mashambani wakafungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, yeye alikuwa mvulana mdogo, naye alikuwa na dada mdogo zaidi. Wanawake walitolewa kuchimba matuta ya serikali mchana kutwa, kisha wakapewa muda mfupi wa kukimbia shambani kutafuta chakula. Siku nyingine hawakupewa. Yule mtoto alivimba miguu, akavimba tumbo, nywele zikawa nyekundu. Cucu aliomba, akaiba, akapata wimbi kiasi cha kiganja, akapika uji. Lakini njaa ikimzidi mtoto namna ile humwondolea hata hamu ya kula.

"Hakutaka," baba akasema. "Alifunga mdomo akageukia ukuta. Mama akamfinya pua. Nilikuwa nimeshika kikombe, na kilikuwa bado mkononi mwangu alipokufa."

Aliniambia jina la dada yake. Lilikuwa langu. Nilikuwa nikijua kwamba nimepewa jina la shangazi aliyekufa mdogo. Kila boma kwetu lina jina la namna hiyo, sikuwahi kuuliza.

"Mbona hamkuniambia?" Nilimpazia sauti baba yangu, kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya. "Miaka yote hii! Ulikuwa unajua, ukaenda ukamwongelesha habari za kahawa!"

"Ungeambiwa nini? Ulikuwa mtoto, unakwenda kupasuliwa."

Sikupata jibu, na mpaka leo sina, na hilo ndilo linalonikera zaidi ya uji wenyewe. Maana nimelipima mara nyingi. Ningeambiwa, ningemwonea Cucu huruma. Ningemwonea huruma, ningefungua mdomo. Kwa hiyo siwezi hata kuwalaumu kwa kunyamaza, na bado nawalaumu.

Cucu hakuwa amewahi kuona tumbo la mtoto likivimba kwa maji. Alijua sababu moja tu ya tumbo kuvimba. Asubuhi ile aliyekuwa mbele yake ni binti yake, jina lile lile, tumbo lile lile, amebana meno na kugeukia ukuta, na watu wenye visu wanamngoja aseme kweli.